Sikio Lenye Pengo

Mume wangu Friniko alikuwa bingwa wa kuchonga. Hilo simnyimi, ingawa kwa miaka mingi sasa mengine yote nimemnyima, hata mkate wa moto.

Alikuwa mchonga mihuri katika karakana ya sarafu ya mfalme. Anachukua kipande cha chuma, anakiinamia na tindo yake ndogo kama mtu anayemtoa mtoto chawa, na baada ya siku kumi unatazama ndani ya chuma unaona pua, midomo, nywele moja moja. Muhuri huo unakazwa kwenye fuawe, kidonge cha dhahabu kinawekwa juu yake, nyundo inashuka, pa! Wapiga nyundo walikuwa wakisema, "Haya, mfalme kazaliwa." Walikuwa wanatania, lakini utani wenyewe ulikuwa kweli tupu. Kwetu askari hamjui mfalme kwa kuambiwa. Mfalme akifa, mwanawe anafungwa utepe mweupe kichwani, jeshi linagonga mikuki kwenye ngao, kisha kila askari anangoja stateri mpya, ile sarafu ya dhahabu. Akiipokea yenye sura ya mfalme mpya, amekula kiapo. Akiikataa, ni adui. Mtoto wa mfalme asiye na dhahabu yake ni mtoto wa mtu tu, kama wako na wangu.

Wangu aliitwa Derdas. Tulimpata huyo mmoja, basi.

Mimi nilikuwa muoka mikate. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya karakana, juu ya mto Strimoni, na Derdas ndiye aliyesaga shayiri na kutembeza mikate. Alikuwa na miaka kumi na sita, na sauti, jamani! Akipaza "Mkate wa Mirtaleee!" wavuvi wa mikunga ng'ambo ya mto walikuwa wanaanza kutafuta vikapu vyao. Alikuwa mzuri wa uso, na sisemi hivyo kwa kuwa nilimzaa. Pua ilikuwa ya babake, midomo yangu, na sikio lake la kulia lilikuwa na pengo hapa juu, kama mkate ulioumwa na panya.

Pengo hilo alilipata akiwa na miaka mitatu. Alimvuta mkia bata bukini wa jirani yetu Nikareta. Bukini akageuka, akamnyofoa kipande cha sikio. Nilimkamata ndege yule, nikamchinja, nikampika kwa vitunguu na siki, nikamla mbele ya mlango wa mwenyewe. Nikareta hakunisemesha mwaka mzima. Mtaa mzima ulimwita mwanangu Bukini mpaka sauti yake ilipokuwa nzito.

Sasa mfalme wetu Eurimedi akafa. Mwanawe Kleandro alikuwa rika moja na Derdas, na huku bondeni hakuna aliyewahi kumtia machoni. Mama yake, malkia Filoksena, alimficha kwao milimani tangu anatambaa, kwa kuogopa sumu za mjini. Na kabla majivu ya marehemu hayajapoa, binamu yake Androtimo akajifunga utepe mwenyewe huko mashariki, akasema mfalme ni yeye. Jemadari Poliarko, aliyekuwa anaushika mji wetu kwa niaba ya kijana, alihitaji dhahabu upesi, maana askari walikuwa wanauliza kila siku: huyo Kleandro yukoje? Akaagiza milimani mfano wa nta wa uso wake, umfikie Friniko, achonge.

Nta. Mwezi wa jua kali. Juu ya nyumbu. Mliona wapi? Kilichofika kwetu ni uji wa manjano ndani ya kisanduku cha mwerezi, na katikati kishimo ambacho labda kilikuwa jicho.

"Kamwambie jemadari," nikamwambia mume wangu. "Sema, bwana, umeyeyuka, leta mwingine."

"Mama Derdas, mtu aliyempelekea habari kwamba farasi wake anachechemea alichapwa fimbo. Mimi nikamwambie mfalme wake ameyeyuka?"

"Basi utachonga nini? Uji?"

"Nitachonga kijana. Kijana ni kijana. Nani aliyemwona huyo?"

Akamwita Derdas, akamkalisha kwenye kigoda pale mlangoni penye mwanga. Na hapa niseme yote, maana nikimtupia mzee wa watu mzigo wote nitakuwa mwongo. Utepe ulikosekana. Mimi ndiye niliyekwenda jikoni, nikachana kitambaa changu cheupe cha kufunikia unga, nikamfunga mwanangu kichwani kwa mikono yangu hii, ncha mbili nikaziacha zining'inie kisogoni, nikarudi nyuma kumtazama. Nikamwona mfalme. Nikafurahi, nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Mama, unga unaniingia machoni," akasema.

"Nyamaza, mtukufu."

Ila nilimwambia Friniko, na Nikareta ni shahidi kwa kuwa alikuwa amekuja kuazima chungu: pengo la sikio usilichonge. Mfalme gani amenyofolewa na bukini? Friniko akajaribu. Akachonga sikio zima, akalitazama, akasonya, akalikwangua. "Nikiliziba si yeye tena," akasema. "Mkono unakataa." Haya, mkono ukakataa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, lakini sisi tulichimba akaingia mwingine.

Dhahabu ikatoka. Uso wa Derdas upande mmoja; upande wa pili farasi anayekimbia na maneno, *ya Mfalme Kleandro*. Askari waliipenda dhahabu ile! Na walipenda zaidi lile pengo. Kwetu mwanamume haruhusiwi kuegemea kitandani kwenye karamu ya wanaume mpaka aue nguruwe mwitu bila wavu. Basi wakasema, mtazameni, bado mdogo hivi na ameshaua nguruwe, na nguruwe kamwachia alama! Baada ya mwezi kulikuwa na wimbo. Baada ya miwili kulikuwa na mzee aliyeapa kwamba alikuwepo siku hiyo, na nguruwe alikuwa mkubwa kama ng'ombe.

Nyumbani tulicheka, Friniko hadi machozi. Nilimnunulia Derdas kofia pana ya sufu, nikamwambia asiivue akiwa njiani. Siku moja askari mmoja akamshika kidevu. "Wewe muuza mikate, mbona unafanana na mfalme?"

"Mfalme ndiye anayefanana na mimi," mtoto akajibu. Askari akampiga kofi la kirafiki, akanunua mikate mitatu. Derdas akarudi nyumbani anasimulia huku anaruka. Mimi nilicheka pia, huku naivuta ile kofia imfunike sikio.

Majira ya baridi, jemadari Poliarko akaja nyumbani kwetu mwenyewe, mchana, na watu wawili tu. Alikuwa ametoka milimani. Akakaa kwenye kigoda kilekile, akala mkate wangu, akasifu. Halafu akatoa stateri, akaiweka mezani.

"Mchongaji. Nani alikaa ukachonga hii?"

Friniko akasema kweli yote, nta, nyumbu, jua. Nilingoja fimbo. Poliarko hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

"Kleandro amekufa kwa homa," akasema. "Nimemwona maiti, na mama yake amekaa kando yake, hataki kuguswa. Hakufanana na dhahabu hata kidogo. Alikuwa na uso mpana, masikini. Ningemshusha akiwa hai, askari elfu nane wangesema nimewaletea mtu wa bandia." Akaniangalia mimi. "Mwite kijana wako."

"Hayupo."

"Mama, nimemsikia akitangaza mkate pale kwenye ngazi."

Nilimwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii jemadari. Akayasikiliza yote huku anatafuna. Kisha akasema ni miezi mitatu tu: kijana akae juu ya farasi, askari wamwone, wampige Androtimo, basi.

"Halafu unanirudishia?" nikamuuliza. "Askari watasemaje, mfalme amekwenda kuuza mikate?"

Poliarko akafagia makombo mezani kwa kiganja, taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Derdas akaingia. Akaelezwa. Mtoto wa miaka kumi na sita, jamani, na nje kuna farasi mweupe amefungwa kwenye mzeituni wetu. Alitutazama sisi, akamtazama farasi. "Mama, ni miezi mitatu," akasema. Nikamfungia mikate sita katika kile kitambaa nilichokichana. Sikulia. Nilimwambia avae vizuri kifuani. Hivyo ndivyo nilivyoagana na mwanangu, kwa habari za kifua.

Tukaonywa: siku tutakayosema ni wetu, tutakufa sote watatu. Majirani tuliwaambia amekwenda kisiwani Thaso kwa mjomba wake, kwenye mizabibu. Nikareta alinitazama tu. "Mjomba gani?" akasema, "wewe una ndugu wa kiume?" Kisha akanikumbatia, yule adui yangu wa bukini, na hakuuliza tena.

Kabla ya vita nilimwona mara moja tu. Jeshi lilipita daraja la mto, naye yuko mbele, utepe kichwani, sikio wazi, watu wanapiga kelele. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu aliinua mkono kuziba tabasamu, kama alivyokuwa akifanya nikimfokea. Nilisimama na kapu langu, nikapiga kelele pamoja na watu: "Aishi mfalme!" Nilipiga mpaka koo likakauka, maana nilimaanisha hilo neno moja, aishi.

Masika Poliarko akapigwa, akafa vitani. Androtimo akaingia mjini kwetu na mwanangu amefungwa mikono kwa kamba, amepanda nyumbu.

Mfalme hawezi kumuua mfalme hivihivi. Kwetu hukumu ya damu ya kifalme ni ya jeshi. Basi likakusanywa uwanja wa soko, maelfu, walioshinda na walioshindwa pamoja, na wote, kwa mshahara au kwa nyara, wana uso wa Derdas kwenye mikoba ya viunoni. Androtimo alikaa mbele. Nilitarajia jitu. Alikuwa mtu mwembamba, amechoka, ana jino bovu, muda wote anashika shavu. Akasema anataka jeshi litamke: huyu ni nani? Kama ni Kleandro, wafalme hawawi wawili, na afe kwa heshima. Kama si yeye, aseme aliyemtuma.

Mimi na Friniko tukapenya, na Nikareta nyuma yetu anashika shuka langu. Friniko akafika mbele akaanguka magoti.

"Bwana, huyu ni mwanangu. Anaitwa Derdas. Mimi ndiye mchonga mihuri. Ile sura niliichonga kwa kumtazama yeye."

Androtimo akaomba stateri. Mtu mmoja akatoa yake, na wa pili, na wa kumi, zikaruka mikononi. Akashika moja kando ya uso wa mwanangu, akamgeuza taratibu kwa kidevu jeshi lione. Pua, midomo, sikio, hadi pengo lake. Jeshi zima likanguruma.

"Mzee," akasema, na hakusema kwa ukali, "kila mchongaji anatoa sura kwa mfalme. Wewe wataka kuniambia mfalme alitolewa kwenye sura?"

"Ndiyo, bwana! Ndivyo ilivyokuwa!"

Wakacheka. Ndipo nikaona ubingwa wa mume wangu ulivyotufunga. Angekuwa mchongaji wa hovyo, wa pua kama kiazi, mwanangu angekwenda nyumbani siku ile.

"Sikio!" nikapiga kelele. "Muulizeni kuhusu sikio! Nguruwe gani? Ni bukini!"

"Nini?"

"Bata bukini, bwana! Alimvuta mkia, akamnyofoa. Nilimpika kwa vitunguu!"

"Alikuwa bukini wangu," Nikareta akasema, na sauti yake ilikuwa bado na kinyongo cha miaka kumi na tatu. "Ndege mzuri, bwana. Anataga vizuri. Huyu mwanamke alimla mlangoni kwangu."

Weee! Uwanja mzima uliangua kicheko. Watu waliegemea mikuki yao. Askari wenye makovu walilia kwa kucheka, wakaanza kulia kama mabukini, kwa-kwa-kwa, na mimi nimesimama pale na ukweli wangu mdomoni hauna thamani ya punje ya shayiri. Nani anataka bukini wakati ana nguruwe?

Androtimo peke yake hakucheka. Akainua mkono. "Nimetuma kwa mama yake milimani," akasema. "Nilimuuliza, mwanao yuko wapi. Malkia Filoksena amejibu kwa maandishi: *Mwanangu Kleandro yuko na jeshi lake.*" Akakunja barua. "Lakini huenda wazee hawa wanasema kweli, na mimi sina hamu na damu ya Eurimedi. Basi sheria isikike. Atiaye sura ya uongo kwenye dhahabu ya mfalme hukatwa mikono, kisha yeye na mkewe hutupwa korongoni. Kijana, kama ni mtoto wa muoka mikate tu, atachapwa fimbo kumi aende zake."

"Tumekubali!" nikasema. Sikumngoja Friniko. "Tumekubali, bwana, hata sasa hivi!" Na Friniko alikuwa ameshanyoosha mikono yake mbele, yote miwili, viganja juu, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. Kwa ajili ya mikono ile nimemsamehe mambo machache.

Nilifurahi. Sikilizeni, sijawahi kuona furaha kama ile. Niliona mlango umefunguka, na mwanangu anapita.

Lakini tuna desturi moja. Mtu akisimama mbele ya jeshi, mwisho wa yote hutaja mwenyewe jina lake na la babake, na hilo ndilo neno la kufunga. Hata mwizi wa mbuzi hupewa haki hiyo. Androtimo akamgeukia: "Sema, kijana. Jina lako, na la babako."

Derdas aliitazama mikono ya babake. Kisha akanitazama mimi, na alikuwa amekonda, kifua hakukivalia vizuri.

Akasema kwa ile sauti yake, ikafika ng'ambo ya mto: "Mimi ni Kleandro, mwana wa Eurimedi."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Derdas! Wewe Bukini wewe, sema kweli, nitakuchapa!"

Wakacheka tena. Naye pia midomo ilimcheza, akainua mikono iliyofungwa kuiziba. Halafu akamwambia Androtimo, "Wazee hawa siwajui. Nadhani wamefiwa na mtoto, imewachanganya. Asiadhibiwe mtu kwa ajili ya huzuni. Mpeni mama huyu mkate, aende zake."

Hayo ni maneno yangu. Kila ombaomba aliyesimama mlangoni kwetu, ndivyo nilivyomwagiza mtoto kutoka jikoni: mpe mkate, aende zake. Alikuwa ananiambia, mama, nakujua. Na alikuwa ananifukuza nisione.

Niliona. Walinishika wawili, lakini macho hawakunifumba. Ilikuwa mikuki, kama desturi ilivyo kwa wafalme, na alisimama wima. Askari mmoja kweli alinipa mkate, akanitia mkononi, wa ngano, mtamu. Ningemwua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisemi zaidi ya hapo.

Androtimo akamzika kifalme. Kwetu amzikaye mfalme ndiye mrithi wake, hivyo hakubania kitu: nyumba ya mawe chini ya kilima, karibu na Eurimedi, taji la majani ya mwaloni ya dhahabu, vikombe vya fedha. Mtoto aliyelalia gunia la unga. Nilipeleka mikate kwa wachimbaji ili nisogee. Maiti huoshwa na wanawake wa nyumbani kwake, na mama ndiye anayemtia mdomoni sarafu ya kumlipa mvushaji wa mto wa wafu. Nilikuwa na oboli yangu moja, sarafu ndogo ya fedha niliyoipata kwa mkate, nimeisugua kwa mchanga ikang'aa. Binamu fulani wa kifalme, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, ndiye aliyemfungua mdomo, akamtia stateri yenye uso wake mwenyewe. Oboli yangu ikabaki kiganjani.

Kisha ikatangazwa: dhahabu yote ya Kleandro irudishwe karakana, ikayeyushwe, ipigwe upya kwa sura ya Androtimo. Siku ishirini tanuri liliwaka. Nyumba yetu iko nyuma ya karakana, nimewaambia. Friniko aliitwa achonge uso wa mfalme mpya, akaenda, akashika tindo, akarudi. Akaitwa tena. Mikono ile ambayo mwanangu aliilipia haikuchonga tena hata kijiko. Alikaa mlangoni kwenye kigoda kile, na mimi nikawa napita na unga bila kumsemesha. Nikareta ndiye aliyekuwa akimletea supu ya dengu.

Stateri moja niliificha ndani ya jiwe la kusagia. Kila mwaka, siku yake, naichukua, naoka mkate, nakwenda kilimani. Kwenye mlango wa jiwe wameandika *Kleandro, mwana wa Eurimedi*. Nakaa kwa upande ambao siyaoni maneno.

Mwaka wa tano nilikuta mwanamke amekaa pale, upande wa maneno. Amevaa nguo nyeusi nzuri, mchafu wa vumbi la safari, mzee kuliko umri wake. Alikuwa anapapasa herufi kwa kidole, moja baada ya moja. Nilimjua bila kuambiwa. Damu ikanipanda kichwani.

"Wewe ndiye Filoksena," nikasema. Hakuna malkia wala nini. "Wewe ndiye uliyeandika yuko na jeshi lake."

Akanitazama, akaona kapu, akaona mkate. "Na wewe ndiye mama wa bukini," akasema. Kumbe hadithi ile ilikuwa imefika mpaka milimani.

"Neno moja! Ungeandika neno moja tu, amekufa, mwanangu angekuwa anauza mikate leo! Angekuwa na watoto!"

"Ndiyo," akasema.

Nilitaka abishe. Nilikuwa nimebeba matusi ya miaka mitano.

"Tulimzika chini ya mawe, bila jina, ili isijulikane," akasema. "Hata kilio sikuruhusiwa. Kisha watu wakawa wanapita na dhahabu, jina lake lipo juu yake, wanamtakia heri. Kila niliposoma jina lile, kwangu alikuwa hai. Yule mjumbe aliponiuliza, mkono ulikataa kuandika amekufa." Akafuta pua kwa shuka, kama mtu yeyote. "Mama, najua humu hayumo wangu. Nimekuja kwa sababu ni mahali pekee palipoandikwa jina lake. Na dhahabu wameiyeyusha yote."

Mkono ulikataa. Nimeyasikia wapi maneno haya! Nilikaa chini, kwa kuwa hasira haikuwa na pa kushika.

Nikafungua kitambaa, nikamtolea stateri. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuutazama uso hata mara moja. Aliigeuza upande wa farasi, akasoma jina la mwanawe kwa sauti, akalibusu. Alilia kama mtu aliyezuiwa kulia miaka yote ile. Alipotulia akanirudishia, na mimi nikaigeuza upande wangu, nikapapasa pengo la sikio kwa kucha. Akaiomba tena. Nikampa. Tulishinda pale tukiigeuza hivyo, huku na huku, mpaka kivuli cha kilima kikatufikia.

Wakati wa kuondoka hatukujua nani aichukue. Nilikuwa nimekuja nayo, ni yangu, na mchana ule nilikuwa tayari kumng'oa nywele. Nikachimba kwa kidole kwenye udongo wa mlangoni, nikaisimamisha wima kwa ukingo wake ili upande mmoja usilalie mwenzake, tukaifukia pamoja.

Akasimama kwa shida, njia ya milimani ni ndefu. Nikampa mkate, akaenda zake.